Sura ya 4: Utambi Huungua kwa Kiu

Mvuto wangu wa kwanza kutoka kwenye koili niliyoisuka kwa mkono wangu ulidumu kama sekunde mbili. Mvuke haujafika hata kooni, ulimi ukaonja kitu ninachokifahamu tangu utotoni: kibatari kilichoishiwa mafuta usiku wa manane, utambi umeshika wekundu na umeanza kujila wenyewe. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mpwa wangu, mwenye kifaa kile cha kuvuta mvuke na mwenye nyumba ile ya Leicester, Uingereza, alicheka kwanza, kisha akaninyang'anya.

"Mjomba, nilikwambia usivute. Pamba haijalowa."

"Nimeweka matone matatu."

"Matone matatu ni ya dawa ya macho, mjomba."

Ilikuwa mwaka 2014, mwaka uleule ambao wahariri wa kamusi za Oxford walichagua neno la Kiingereza "vape" kuwa neno lao la mwaka. Mpwa wangu alikuwa ametimiza miezi minane bila sigara, baada ya kuvuta pakiti moja kwa siku tangu alipokuwa chuoni. Mimi sikuwa mvutaji, na alinipa kimiminika kisicho na nikotini. Kilichonivuta mezani kwake ni ule utajiri wa vitu vidogo: vibiringo vya waya mwembamba kama unywele wa farasi, bisibisi zisizozidi kidole, mkasi wa kucha, na pakiti ya pamba. Nimelelewa nyumba moja na fundi redio. Nikiona waya na bisibisi, mikono huwasha.

Usiku ule nilijifunza jambo ambalo mafundi wote wa kazi hii hulijua na wanagenzi wote huchelewa kulijua. Mgeni huogopa waya, kwa sababu waya una umeme na umeme una hesabu. Kumbe waya ndio sehemu nyepesi. Kinachomuumbua ni pamba.

Kabla ya kuendelea, niseme wazi. Sura hii si mwaliko. Nikotini hufunga mtu, na asiyevuta sigara hana sababu ya kuanza na mvuke. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, imekataza kabisa kuingiza na kuuza vifaa hivi. Kwingineko sheria hutofautiana, na msomaji anatakiwa kujua ya kwao. Mimi naandika juu ya kazi ya mikono, na juu ya kile ambacho kazi hiyo humfunulia anayeifanya.

Dawa ya mfamasia

Kila vepu, ya bei ya soda au ya bei ya simu, ni ndoa ya vitu vinne: betri, waya unaopata moto uliosukwa kuwa koili, utambi unaoleta kimiminika kwenye waya, na njia ya hewa inayobeba mvuke hadi mdomoni. Mmarekani Herbert Gilbert wa Pennsylvania aliomba hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1963 na kuipata mwaka 1965, lakini hakikuingia sokoni. Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo hutajwa kuwa kazi ya Hon Lik, mfamasia wa Kichina na mvutaji mkubwa, aliyeibuni mwaka 2003. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kifaa chake cha awali hakikutegemea koili. Kilivunjavunja kimiminika kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Waya wa moto ulikuja kushika nafasi hiyo baadaye, kwa sababu waya ni rahisi na hauna maringo.

Waya nao ulikuwa na historia yake, ndefu kuliko ya vepu. Mwaka 1906 Albert Marsh, Mmarekani, alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, nikromu, uliowezesha majiko ya umeme na vikausha mkate kuwaka siku nenda siku rudi bila waya kukatika. Miaka ya 1920 Msweden Hans von Kantzow, katika mji wa Hallstahammar, akatengeneza mchanganyiko wa chuma, kromiamu na aluminiamu. Akachukua kipande cha jina lake na kipande cha jina la mji, akauita Kanthal. Ule waya ulioviringwa ndani ya jiko la umeme na tanuri za viwandani ndio huohuo, ukiwa mwembamba zaidi, unaokaa ndani ya vepu. Mpwa wangu alikuwa nao mita kumi kwenye kibiringo kisichozidi kizibo cha soda.

Hesabu ya waya

Mwanagenzi apewe waya wa Kanthal wenye unene wa milimita 0.4. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa takriban omu 11.5. Achukue biti ya keekee ya milimita 3, auzungushe waya mara sita kwenye shina lake lililo laini. Kila mzunguko unakula karibu milimita 10.7 za waya, kwa hiyo mizunguko sita ni milimita 64. Aongeze milimita 10 za miguu miwili itakayobanwa na skrubu. Jumla ni milimita 74, sawa na ukinzani wa omu 0.85 hivi.

Betri ya kawaida ya vifaa hivi ina volti 3.7 kwa wastani, na 4.2 ikiwa imejaa. Gawanya 3.7 kwa 0.85: mkondo ni ampea 4 na ushei. Zidisha tena kwa volti, unapata wati 16. Hizo ni wati za upole kwa koili moja, mvuke wa kutosha bila kishindo, na betri haitoki jasho. Georg Ohm aliandika kanuni hii mwaka 1827 na haijabadilika tangu hapo.

Kisha twende kwenye kusuka, neno ambalo mafundi wetu wa mota walilichagua kwa hekima. Usizungushe kwa pupa. Shika ncha moja kwa kidole gumba, vuta waya uwe na mkazo ule mmoja tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, kila mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake. Miguu miwili iishie pande zinazolingana na nguzo mbili zenye skrubu kwenye kitako cha tangi la kimiminika. Biti usiitoe, ipitishe koili ikiwa bado imeivaa, ingiza miguu kwenye nguzo, kaza skrubu mpaka zishike, kisha acha. Anayekaza kwa hasira hukata mguu wa waya na kuanza upya. Mimi nilianza upya mara mbili. Chomoa biti, kisha kata masalio ya miguu yaliyochomoza, yasije yakagusa ukuta wa tangi yakaleta shoti. Hakikisha koili imekaa juu kidogo ya tundu la hewa, haigusi kitu chochote isipokuwa nguzo zake mbili.

Kabla ya pamba, pima. Vifaa vingi vyenye chipu huonyesha ukinzani kwenye kioo. Ikiwa ulihesabu 0.85 na kioo kinasema 0.83 au 0.9, umefaulu. Kikisema 0.2, kuna mahali waya unagusa pasipotakiwa, na usibonyeze kitufe hata mara moja. Kikirukaruka kati ya namba mbili, skrubu imelegea.

Ukisharidhika, weka wati chache, bonyeza kwa kitambo kifupi na uachie, bonyeza na uachie. Hapo utaona mambo mazuri. Mara ya kwanza koili huwaka vibaya, mzunguko mmoja pembeni unang'aa na mingine imelala. Ibane kwa upole kwa kibanio cha kauri, kamwe si cha chuma kitufe kikiwa kimebonyezwa, ikwangue mara moja mbili kuisawazisha, bonyeza tena. Pole pole wekundu huanzia katikati na kutambaa kwenda pande zote mbili kwa pamoja. Kinachotokea ni kwamba aluminiamu iliyo ndani ya waya inakutana na hewa na kuota ngozi nyembamba ya kijivu isiyopitisha umeme. Ndiyo maana mizunguko inayogusana haifanyi shoti: kila mmoja umevaa koti lake. Kanuni hii ya kung'arisha waya mkavu ni ya Kanthal na nikromu. Waya wa titani hauchomwi mkavu hata kidogo.

Pamba

Koili yangu ya tatu iliwaka kama ilivyotakiwa, kutoka katikati kwenda nje. Nilijiona fundi. Mpwa wangu akasogeza pamba mbele yangu na kukaa kimya, ukimya wa mtu anayejua filamu inaishaje.

Si kila pamba inafaa. Pamba iliyotoka shambani, ile inayojaza magunia ya Shinyanga na Simiyu msimu wa mavuno, ukiitupa majini huelea, maana unyuzi wake umepakwa nta ya asili inayokataa maji. Lazima iondolewe nta viwandani ndipo inywe. Pamba ya hospitali inakunywa kwa sababu imekwishapitia hatua hiyo. Wavutaji wa mwanzo walitumia kamba za silika, wengine wavu wa chuma cha pua ulioviringwa kama sigara, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 pamba iliposhika kiti na kutokukiacha. Wengi walipenda pedi za vipodozi za Kijapani zisizotiwa dawa ya kung'arisha. Siku hizi zipo pakiti zilizokatwa tayari kwa kazi hii.

Kata ukanda, usokote ncha moja iwe kama uzi wa kutungia sindano, upitishe ndani ya koili. Hapa hakuna namba ya kukusaidia. Pamba ikipita bila kusugua, ni ndogo. Ikikokota koili mpaka inapinda, ni kubwa. Unatafuta mkwaruzo mdogo tu: pamba ikivutwa, koili itikisike bila kuhama. Mpwa wangu alinishika mkono akanivutisha pamba polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kupiga mswaki. "Hapo," akasema. "Umesikia?" Nilikuwa nimesikia.

Mikia miwili inayobaki nje ndiyo miguu ya kunywea. Ikate ifike kwenye sakafu ya tangi tu, isijikunje. Ichane kwa sindano ili ipungue unene nchani, ndipo uilaze kwenye mifereji yake. Ukiisindilia umeziba mlango wa maji. Ukiiacha nyembamba mno, kimiminika kinapita kama bomba lililopasuka: tangi linavuja, koili inagugumia, na matone ya moto yanarukia ulimi.

Mwisho, lowesha. Si matone matatu. Dondoshea juu ya koili na kwenye mikia yote miwili mpaka pamba igeuke kutoka weupe wa wingu kuwa uwazi wa kioo kilicholowa, isiwe na hata doa jeupe. Jaza tangi, funga, kisha ngoja dakika tano. Kungoja huku ndiko nilikokuruka mimi.

Sufuria yenye maji

Kwa nini kosa dogo namna ile lilete ladha mbaya kiasi kile? Jibu liko jikoni. Sufuria yenye maji ikikaa juu ya moto saa nzima, kitako chake hakivuki sana joto la maji yanayochemka, kwa kuwa maji hulibeba joto na kuondoka nalo kama mvuke. Maji yakikauka, dakika chache tu sufuria inageuka nyekundu. Moto haukuongezeka. Kilichopungua ni mlinzi.

Kimiminika cha vepu ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzi joto 188 hivi, na gliserini, inayochemka karibu nyuzi 290. Maadamu koili imelowa, mvuke unapoondoka huondoka na joto, na waya hukaa katika mipaka hiyo. Ikikauka, wati zilezile huupandisha waya ule ule mpaka uanze kung'aa, na waya unaong'aa umeshapita nyuzi 500. Pamba haistahimili nusu ya joto hilo. Kibatari hufuata kanuni hiyohiyo: kinachowaka ni mafuta, na utambi wenyewe hubaki salama kwa sababu mafuta yanaupitia bila kukoma. Utambi hauungui kwa kuwa moto ni mkali. Huungua kwa kiu.

Basi hesabu kamili ya vepu ni mashindano ya kasi mbili: kasi ya waya kukausha pamba, na kasi ya pamba kupandisha kimiminika. Ukiongeza wati, umeharakisha ya kwanza. Ukiweka kimiminika kizito chenye gliserini nyingi, umechelewesha ya pili, kwa hiyo pamba iwe nyepesi zaidi. Ukivuta mfululizo bila kupumzika, hujampa mnywaji muda wa kunywa. Matatizo yote ya mwanagenzi, kuvuja, kugugumia, ladha ya kuungua, yanarudi kwenye mizani hii moja.

Mizani hii si suala la ladha tu. Mwezi Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine. Kifaa walichokipima kwa volti 3.3 hakikuonyesha viambata vinavyotoa formaldihaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Walipokipandisha hadi volti 5 vilionekana kwa wingi. Mtafiti wa Kigiriki Konstantinos Farsalinos na wenzake walijibu mwaka huohuo: koili iliyosukumwa kiasi hicho hukauka, na binadamu hawezi kuuvuta mvuto ule, koo lake litamkataza. Mabishano yaliendelea. Ninachokichukua mimi ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia utambi mkavu. Kile kikohozi changu cha Leicester kilikuwa kipimo cha maabara.

Hapa pia pana sababu ya kutokuingiza mafuta ya aina yoyote kwenye tangi, yawe ya kupikia au ya manukato. Mwaka 2019 maelfu ya Wamarekani waliotumia vifaa hivi walilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Kufikia Februari 2020 mamlaka za afya za huko zilikuwa zimehesabu vifo 68, na mtuhumiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa kwenye katriji za bangi. Hata koili isukwe kwa ustadi gani, haiwezi kusafisha kilichomo ndani ya chupa.

Betri haina utani

Nimeiacha betri mwisho, ingawa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko vyote. Inayotumika sana huitwa 18650, kwa maana ya milimita 18 upana na milimita 65 urefu. Ndani yake mna nguvu ya kutosha kuunguza paja la mtu.

Rudi kwenye hesabu. Koili ya omu 0.85 kwa betri iliyojaa huomba ampea 5. Koili mbili sambamba, omu 0.43, huomba karibu 10. Shoti ya omu 0.1 huomba 42, na betri nyingi za aina hii hazikutengenezwa kutoa mkondo huo kwa usalama. Kifaa chenye chipu kitakataa kuwaka. Yale mabomba ya shaba yasiyo na chipu, ambayo vijana wa miaka ile waliyapenda kwa uzuri wake, hayakatai kitu: betri, kitufe, koili, basi. Mwanagenzi asiyaguse.

Taasisi ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya vifaa hivi kuwaka au kulipuka kati ya 2009 na 2016. Karibu theluthi moja yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni. Betri iliyo wazi ikikutana na funguo au sarafu, chuma huunganisha pande zake mbili na shoti inazaliwa kando ya mwili wa mtu. Betri ya akiba ikae kwenye kikasha chake cha plastiki. Ganda lake likichanika hata kidogo, betri ivishwe jipya au ipelekwe kunakokusanywa betri chakavu.

Pamba nyeusi

Kazi hii niliyoieleza inakufa. Watu wachache leo wanasuka koili. Wengi hununua zilizotengenezwa tayari. Kilichoizidi nguvu ni vijiti vya rangi vya kutumia na kutupa, vilivyoenea mno baada ya 2020. Ndani ya kijiti mna vitu vilevile, waya, pamba, betri, vimefungiwa visionekane. Pamba ikikauka, mtu hutupa vyote. Nchini Uingereza ilikadiriwa mwaka 2023 kwamba vijiti takriban milioni 5 vilikuwa vinatupwa kila wiki, na watafiti wa huko waliopasua baadhi yake walikuta betri zinazoweza kuchajiwa tena mamia ya mara. Tangu Juni 2025 nchi hiyo imepiga marufuku kuviuza.

Wanaopinga vijiti hivyo huzungumzia taka na watoto, na wana haki. Mimi nina lalamiko jingine. Mwenye kijiti haoni pamba yake.

Asubuhi ya mwisho kabla sijaondoka Leicester, mpwa wangu alikuwa anabadilisha utambi wa wiki nzima. Alilegeza tangi, akashika mkia wa pamba kwa kibanio, akaivuta. Ilitoka ikiwa kahawia nchani na nyeusi katikati, pale ilipokuwa imekumbatiwa na waya, imeganda kama sukari iliyoungua, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa: vionjo vitamu huacha ganda kwenye koili. Aliilaza juu ya karatasi nyeupe, akaitazama kwa muda.

"Unajua, mjomba," akasema, "sigara sikuwahi kuona inafanya nini ndani. Hii naiona kila wiki."

Kwenye rafu nyuma yake chupa zilikuwa zimepangwa kwa namba za nikotini, kumi na nane, kumi na mbili, sita. Aliyoifungua siku ile ilikuwa ya namba tatu. Akakata ukanda mpya wa pamba, akasokota ncha, akanisukumia koili.

"Haya, mjomba. Safari hii ulowesha."